Namna ya Kuorodhesha Mkusanyo wa Vimondo na Tektiti katika Makumbusho au Chuo Kikuu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa kabati la vimondo na kutakiwa alitengenezee katalogi inayoaminika. Idara nyingi za jiolojia na makumbusho mengi yana kabati la namna hiyo: mawe machache yenye ganda jeusi, kipande cha chuma kilichokatwa na kung'arishwa, vioo vyeusi vya mviringo ndani ya kopo, na lebo ambazo baadhi yake zimeachana na vitu vyake. Katalogi nzuri ni ile inayomwezesha mtafiti, hata baada ya miaka hamsini, kujua kila gramu ilitoka wapi, ilipita mikononi mwa nani, imefanyiwa nini na sasa iko wapi.

Tangu mwanzo tutofautishe makundi mawili. Vimondo ni mawe na chuma kutoka angani vilivyofika ardhini. Tektiti ni kioo cha asili kilichotokana na miamba ya hapa hapa duniani, ambayo iliyeyuka na kurushwa mbali wakati gimba kubwa kutoka angani lilipoigonga dunia. Vitu hivi huwekwa pamoja kwa sababu historia zao zinahusiana, lakini kumbukumbu zake hazifanani, na anayetumia fomu moja kwa vyote viwili atajikuta anaacha nusu ya nafasi tupu.

Anza na karatasi kabla ya mawe

Kabla hujagusa jiwe lolote, piga picha za kabati kama ulivyolikuta, droo kwa droo, kila jiwe likiwa bado limekaa karibu na lebo yake. Katika mkusanyo wa zamani, mahali kitu kilipolala ndani ya droo mara nyingi ndipo penye ushahidi pekee wa kukiunganisha na lebo iliyoachana nacho, na ushahidi huo hupotea siku ile ile mtu mwenye nia njema anapoyapanga mawe upya kwa ukubwa ili yapendeze.

Kisha kusanya kila andiko linalohusu mkusanyo: daftari la mapokezi, barua za kubadilishana sampuli na makumbusho mengine, risiti, ripoti za wanafunzi, bahasha na hata magazeti yaliyotumika kufungia. Lebo ya zamani isitupwe wala isisahihishwe kwa kalamu. Inakiliwe neno kwa neno, pamoja na makosa yake ya tahajia, katika sehemu yake ndani ya kanzidata. Maoni yako kuhusu maana ya maandishi hayo yaende katika sehemu nyingine, yakiwa na jina lako na tarehe.

Namba zilizoandikwa kwa rangi juu ya mawe yenyewe zina thamani hiyo hiyo. Harvey Nininger, mkusanyaji mashuhuri wa vimondo wa Marekani, alikuwa akiandika namba za katalogi yake juu ya vimondo vyake. Mkusanyo wake baadaye uligawanywa, sehemu ikaenda British Museum mwaka 1958 na sehemu kubwa zaidi ikaenda Arizona State University mwaka 1960, lakini hadi leo kipande chake kikijitokeza mahali popote huweza kutambuliwa kwa namba ile. Kwa hiyo usikwangue rangi ya aina hiyo hata ikiwa inaonekana kama uchafu.

Kutenga visivyo vimondo

Karibu kila mkusanyo una mawe yaliyoletwa na wananchi kwa imani kwamba yameanguka kutoka angani, kumbe ni mavi ya chuma, magnetaiti, hematiti au lava. Yapo majaribio machache yasiyodhuru. Jiwe likisuguliwa taratibu juu ya upande usiong'arishwa wa kigae, hematiti huacha mstari mwekundu na magnetaiti mstari mweusi, ilhali kimondo cha mawe kwa kawaida hakiachi alama, au huacha alama hafifu ya kijivu. Ganda jembamba jeusi lililotokana na kuungua angani, chembe za metali zinazong'aa mahali palipovunjika, na nikeli inayoonekana katika kipimo cha kemia huongeza uzito wa ushahidi. Jiwe lenye vitundu vingi vya mapovu kwa kawaida si kimondo.

Nasisitiza jambo moja: usiruhusu mtu ajaribu kimondo kwa sumaku yenye nguvu. Vimondo vingi hubeba ndani yake kumbukumbu ya sumaku ya zamani sana, na sumaku ya mkononi huifuta kwa mguso mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu kimondo cha Mars kiitwacho NWA 7034 ulionyesha kwamba sumaku za namna hiyo zilikuwa zimefuta kumbukumbu ambayo ingeweza kutueleza habari za uga wa sumaku wa Mars ya kale. Tumia kifaa cha kupimia mwitikio wa sumaku, ambacho hakiachi athari na hutoa tarakimu unayoweza kuiingiza katika katalogi. Ikijulikana kwamba sampuli iliwahi kuguswa na sumaku, liandike hilo pia, maana litamwokolea mtafiti miezi ya kazi bure.

Jiwe litakaloonekana si kimondo lisitupwe. Lipe namba, eleza sababu za uamuzi wako, kisha litunze pamoja na mengine ya aina yake, kwa kuwa ni vifaa bora vya kufundishia.

Jina, mahali na saa

Jina la kimondo si hiari ya mtunzaji. Huidhinishwa na kamati ya majina ya chama cha kimataifa kiitwacho Meteoritical Society, hutolewa kwa mahali kimondo kilipopatikana, na huwekwa katika kanzidata ya Meteoritical Bulletin iliyo wazi kwa kila mtu. Hatua ya kwanza kwa kila sampuli ni kutafuta jina hilo na kulinakili kama lilivyo. Kimondo kikubwa kilichoko Mbozi, ambacho uzito wake hukadiriwa kufikia tani 16, kimesajiliwa kimataifa kwa tahajia ya Mbosi. Katalogi iwe na tahajia hiyo rasmi, na tahajia ya Mbozi iingizwe katika sehemu ya majina mengine, ili mwanafunzi wa Mbeya na mtafiti wa Vienna wote wafike kwenye rekodi moja. Katika maeneo yenye vimondo vingi, kama majangwa ya Oman, jina huambatana na namba, kwa mfano Sayh al Uhaymir 169 au Dhofar 025, na kuiacha namba hiyo ni sawa na kutoandika jina kabisa.

Mawe yote ya tukio moja hubeba jina moja. Tarehe 14 Agosti 1992 mvua ya mawe ya kimondo iliangukia mji wa Mbale, Uganda, na viunga vyake. Mamia ya vipande yaliokotwa, lakini vyote huitwa Mbale. Hapo ndipo kazi ya katalogi inapoonekana: jina litakuwa moja, ila kila kipande kina mahali pake kilipookotwa, uzito wake na mtu aliyekitoa.

Mahali paandikwe mara mbili. Kwanza kama lebo inavyosema, pili kwa mpangilio wa utawala wa sasa. Mbozi na Ivuna zilikuwa katika Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016, Mkoa wa Songwe ulipoundwa. Lebo za miaka ya 1930 zinataja Tanganyika. Na kimondo cha Peramiho, kilichoanguka mwaka 1899, kilipata lebo zake za kwanza nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Ukisahihisha jina la mkoa juu ya rekodi ya awali, utakuwa umefuta kiashiria cha wakati lebo ilipoandikwa. Viwianishi (latitudo na longitudo) navyo viambatane na mfumo wa rejea uliotumika. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, huku simu na vifaa vya satelaiti vikitumia WGS 84, na tofauti ya mifumo hiyo miwili ni mamia ya mita, umbali unaotosha kuhamisha jiwe kutoka shamba la mtu mmoja hadi la mwingine.

Kwa vimondo vilivyoonekana vikianguka, saa ni muhimu kama mahali, na hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna wajibu wa ziada. Shahidi anayesema kimondo kilianguka saa nne asubuhi anamaanisha saa 10:00 kwa maandishi ya kimataifa, na ripoti iliyotafsiriwa na mtu asiyejua hesabu yetu ya saa huweza kupotoka kwa saa sita kamili. Andika maneno ya shahidi kama alivyoyasema, kisha saa za Afrika Mashariki kwa mfumo wa saa 24, kisha saa ya kimataifa. Tukio la Mbale lilitokea saa tisa na dakika arobaini alasiri, yaani 15:40 za Afrika Mashariki, sawa na 12:40 za kimataifa. Ukiwa na tarakimu hizo tatu hakuna atakayebabaika.

Namba na uzito

Namba ya usajili isibebe maana yoyote zaidi ya utambulisho. Wapo wanaopenda kuweka herufi ya aina ya kimondo ndani ya namba, lakini uainishaji hubadilika kadiri vipimo vinavyoboreka, na namba ikishachapishwa katika makala za utafiti haiwezi kubadilishwa. Alama ya taasisi, mwaka wa kuingizwa na namba ya mfululizo vinatosha. Vipande vinavyokatwa kutoka katika jiwe hilo hupewa namba ya mzazi pamoja na nukta na namba ndogo.

Kuandika namba juu ya sampuli kunahitaji uangalifu. Kwenye jiwe gumu lenye ganda, weka tone dogo la Paraloid B-72, yaani vanishi ya akriliki, mahali pasipo na thamani ya kiutafiti, liache likauke, andika kwa wino wa kudumu, kisha funika kwa tabaka jingine. Usiandike kamwe juu ya uso uliokatwa, wala juu ya vimondo vyenye kaboni nyingi, kwa sababu kemikali hizo zitachanganyika na vile vile vitu ambavyo wanakemia wanavitafuta. Hivyo viwekwe ndani ya chombo safi chenye namba kwa nje, na lebo ya pili ndani ya boksi linalobeba chombo hicho.

Uzito ndio uti wa mgongo wa katalogi ya vimondo. Kila mara sampuli inapopimwa, andika tarakimu, tarehe, mizani iliyotumika na jina la mpimaji, na usifute vipimo vya awali. Tuchukue mfano wa kubuni. Jiwe lenye namba CK.2025.14 lilikuwa na gramu 212.40. Likakatwa kwa ajili ya uchunguzi: kipande kikuu sasa kina gramu 148.65 na kinakuwa CK.2025.14.1, kipande cha maonyesho kina gramu 51.20 na kinakuwa CK.2025.14.2, kibonge kidogo cha gramu 4.10 kilichotengwa kwa ajili ya slaidi za hadubini kinakuwa CK.2025.14.3. Jumla ya vitatu hivyo ni gramu 203.95. Gramu 8.45 zilizobaki zimesagwa na msumeno, nazo ni lazima ziandikwe kama upotevu wa kukata, ama kama unga uliohifadhiwa kwenye kichupa chenye namba yake. Hesabu ikifunga kwa namna hii, hakuna kipande kitakachotoweka bila kuonekana, na mkaguzi wa miaka ijayo hatamtilia mtu shaka bure. Slaidi zenyewe, ambazo husagwa hadi unene wa takriban mikroni 30, hazina uzito wa kuhesabika, lakini kila moja iwe na namba, kwa kuwa ndizo zinazopotea kwa urahisi kuliko kitu kingine chochote katika maabara.

Rekodi ioneshe pia majimaji yaliyotumika kupozea msumeno. Maji huharibu chuma na huyeyusha chumvi za vimondo vyenye kaboni, kwa hiyo mtafiti anayepima chumvi hizo atahitaji kujua kama kipande chake kililowa.

Uainishaji

Ingiza uainishaji uliochapishwa katika Meteoritical Bulletin, kisha ongeza nani aliufanya, lini na kwa njia gani. Thika, kilichoanguka Kenya tarehe 16 Julai 2011, ni kondraiti, yaani kimondo cha mawe ambacho hakijawahi kuyeyuka chote, ya kundi L6; herufi ni kundi la kikemia na tarakimu ni kiwango cha kubadilishwa na joto. Mbale ni L5/6. Mbosi ni kimondo cha chuma kisichoingia katika kundi lolote linalojulikana. Peramiho ni yukraiti, kimondo cha mawe chenye asili ya lava. Kwa kondraiti, weka sehemu za kiwango cha mshtuko, kinachoandikwa S1 hadi S6, na kiwango cha kuchakaa kwa hali ya hewa, W0 hadi W6, lakini kumbuka kwamba viwango hivi vinahusu kipande kilichochunguzwa. Vipande viwili vya kimondo kimoja, kimoja kikiwa kimeokotwa siku ya pili na kingine baada ya masika mawili, havitakuwa na uchakavu sawa.

Endapo mkusanyo una kimondo ambacho hakijasajiliwa, tafuta maabara itakayokiainisha na kupeleka maombi ya jina. Kanuni inataka sehemu ya kudumu ihifadhiwe katika taasisi inayotambulika, nayo ni asilimia 20 ya uzito wote au gramu 20, kutegemea ipi ni ndogo. Katika rekodi, sehemu hiyo ipewe alama ya wazi ili isije ikatolewa kwa mkopo wa kuiharibu.

Kwa kila kinachoingia sasa, nakala ya kibali ni sehemu ya katalogi. Sheria ya urithi ya Afrika Kusini ya mwaka 1999 inavitaja vimondo waziwazi, na Oman hairuhusu vimondo vyake vitoke nchini bila idhini. Sampuli iliyonunuliwa bila maelezo ya njia iliyopitia isipokelewe hata kama ni ya bei nafuu na inavutia.

Tektiti

Tektiti hazipewi majina na kamati ya vimondo. Kinachozitambulisha ni uwanja wa mtawanyiko (eneo lote ambako vioo vya mgongano mmoja vilitawanyika), mahali zilipookotwa, umbo na uzito. Nyanja zinazojulikana zaidi ni nne: ule wa Australasia, wenye umri wa karibu miaka 790,000, ambao kasoko yake, yaani shimo la mgongano, bado haijathibitishwa, ule wa Ivory Coast, wenye umri wa miaka milioni 1.07, uliotokana na kasoko ya Ziwa Bosumtwi nchini Ghana. Ule wa Ulaya ya Kati, ambao vioo vyake vya kijani huitwa moldavaiti na asili yake ni kasoko ya Ries nchini Ujerumani, miaka milioni 14.8 iliyopita, na ule wa Amerika Kaskazini, wa miaka milioni 35 hivi, uliotokana na kasoko ya Chesapeake Bay. Kioo cha Jangwa la Libya kiwekwe katika kundi lake la vioo vya mgongano, kisichanganywe na tektiti.

Umbo lielezwe kwa maneno na kwa picha ya pande tatu: tufe, kisahani, tone, kengele ya mazoezi (dambeli), kifungo chenye ukingo, au bonge lenye matabaka la aina ya Muong Nong, jina la mahali huko Laos. Vifungo vyenye ukingo vinavyopatikana Australia viliyeyuka mara ya pili vilipokuwa vikirudi kwa kasi katika angahewa, kwa hiyo ukingo uliovunjika ni hasara ya kisayansi na uandikwe kama upungufu. Tektiti nyingi huletwa kwa mafungu. Fungu lipewe namba moja na kila kioo namba yake ndogo, hata kama ni kazi ya kuchosha.

Katika ukanda wetu kuna kishawishi kimoja kikubwa. Obsidiani ya Bonde la Ufa, hasa ya Naivasha, ni kioo cheusi cha volkeno kinachong'aa, na uzito wake kwa ujazo unakaribiana mno na ule wa tektiti, kiasi kwamba kupima ujazo hakusaidii. Tofauti ya uhakika ni maji: tektiti huwa na maji kidogo sana, kwa kawaida chini ya asilimia 0.02, ilhali obsidiani huwa na mara kumi ya hapo au zaidi. Maabara yenye kifaa cha miali ya infraredi italimaliza suala hilo bila kuharibu sampuli nzima. Pasipo kifaa, kibanzi kidogo kilichokwisha kuvunjika chenyewe kinaweza kupashwa moto mkali: obsidiani hutoa mapovu na kuumuka, tektiti huyeyuka tu. Kioo kisicho na mahali kilipookotwa, na ambacho hakijapimwa, kiandikwe "kioo cha asili, hakijathibitishwa" na si vinginevyo.

Hali ya sampuli na mahali pa kuitunza

Mtunzaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar ana adui ambaye mwenzake wa nyanda kavu hamjui sana: hewa yenye unyevu na chumvi. Kimondo cha chuma kilichopata klorini ardhini hutoa vitone vidogo vya kahawia kwenye nyufa zake, kisha magamba huanza kuinuka na unga mwekundu kudondoka ndani ya droo. Ukiona vitone hivyo, kihamishe siku hiyo hiyo kwenye chombo kinachofunga vizuri chenye jeli ya silika iliyokaushwa, pima uzito, kipige picha, na uandike tarehe. Unga uliodondoka usifagiliwe. Ni sehemu ya kimondo na una uzito wake. Lenga unyevu ulio chini ya asilimia 40, weka kipima unyevu ndani ya kila kabati, na kumbukumbu zake ziunganishwe na namba za sampuli zilizomo. Vyuma vishikwe kwa glavu, kwani jasho la vidole lina chumvi.

Vimondo vyenye kaboni vinahitaji uangalifu mkubwa kuliko vyote. Kimondo cha Ivuna kiliangukia karibu na Ziwa Rukwa tarehe 16 Desemba 1938, na kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 700 hivi tu, lakini ndicho kilicholipatia kundi zima la CI, mojawapo ya makundi ya vimondo vyenye kaboni, herufi yake ya pili. Muundo wa kemikali wa kundi hilo unakaribia ule wa Jua kuliko mawe mengine yote tuliyo nayo, ukiacha gesi nyepesi. Mishipa myeupe ya chumvi iliyoonekana katika Orgueil, ndugu yake aliyeanguka Ufaransa mwaka 1864, ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa ni ya asili, hadi ikaonyeshwa kwamba ilijitengeneza makumbusho kutokana na unyevu wa hewa. Kwa sababu hiyo kipande cha Ivuna kilichonunuliwa na Natural History Museum ya London mwaka 2008 kilithaminiwa sana, kwani kilikuwa kimehifadhiwa ndani ya naitrojeni. Ikiwa taasisi yako ina hata nusu gramu ya kimondo cha namna hii, katalogi ioneshe kila siku ambayo chombo chake kilifunguliwa, kwa muda gani na kwa sababu gani.

Mikopo na uchapishaji

Mkopo uandikiwe hati inayotaja namba kamili, uzito wa kutoka, aina ya uchunguzi unaoruhusiwa, kiasi kinachoweza kuharibiwa na tarehe ya kurudi. Sampuli ikirudi, ipimwe mbele ya mashahidi wawili kabla ya kurudishwa droo, na mabaki yote, yaani vibonge vya resini, unga na slaidi, yadaiwe pamoja nayo. Matokeo ya utafiti yaingizwe katika rekodi ya kipande kilichochunguzwa, si katika rekodi ya jina la kimondo kwa ujumla.

Katalogi iwekwe katika kanzidata yenye nakala mbili katika majengo tofauti, na nakala moja ichapishwe kila mwaka kwenye karatasi isiyo na asidi. Toleo la umma mtandaoni liwe na jina, namba, uzito, uainishaji, picha na mahali pa asili. Namba ya chumba, kabati na droo, thamani ya bima na majina ya wananchi waliotoa mawe yabaki katika toleo la ndani, ambalo funguo zake zishikwe na watu wasiopungua wawili, mmoja wao akiwa mwajiriwa wa kudumu.